Ala Bora, Jibu Baya: Pouillet na Langley katika Kupima Ukali wa Jua

Historia ya ala za sayansi mara nyingi husimuliwa kana kwamba kila ala mpya huleta jibu sahihi kuliko iliyoitangulia. Insha hii inapinga dhana hiyo kwa kulinganisha vipimo viwili vya ukali wa mwanga wa jua vya karne ya 19.

Mwaka 1837 na 1838, mwanafizikia Mfaransa Claude Pouillet alitumia ala aliyoiita pirheliomita. Ilikuwa kopo bapa la metali lililojazwa maji na kuwekwa kipimajoto ndani, na uso wake ulipakwa rangi nyeusi ya masizi ili unyonye mwanga. Aliiweka kivulini kwa dakika 5, akaielekeza juani kwa dakika 5, kisha akairudisha kivulini kwa dakika 5, ili joto lililopotea hewani nalo lihesabiwe. Alipima saa mbalimbali za mchana, kwa kuwa asubuhi na jioni miale hupita katika hewa nyingi kuliko adhuhuri. Kutokana na tofauti hizo alikadiria nguvu ya jua kabla ya kufika kwenye angahewa: kalori 1.76 kwa sentimita ya mraba kwa dakika.

Mwaka 1881, Mmarekani Samuel Langley alipanda Mlima Whitney, California, na bolomita aliyoibuni mwenyewe. Ukanda wake mwembamba wa metali ulibadilisha ukinzani wa umeme ulipopata joto kidogo tu, hivyo uliweza kupima kila rangi ya mwanga peke yake, hata miale isiyoonekana. Hata hivyo, alitangaza kalori 3. Vipimo vya satelaiti vinaonyesha wati 1361 kwa mita ya mraba, yaani takriban kalori 1.95. Pouillet alikosea kwa asilimia 10 hivi. Langley kwa zaidi ya 50.

Bolomita haikuwa na lawama. Langley alisema kweli kwamba angahewa hunyonya kila rangi kwa kiwango chake. Alikosea katika kukokotoa mwanga uliopotea njiani. Charles Abbot, aliyekuwa msaidizi wake katika taasisi ya Smithsonian, aliendelea kutumia bolomita pamoja na pirheliomita, akarekebisha hesabu na kupata takriban kalori 1.94.

Kwa hiyo, mwanahistoria anapaswa kutenganisha kile ambacho ala ilisoma na kile ambacho mtu alikiongeza juu yake. Asipofanya hivyo, ataisifu au kuilaumu ala kwa kazi ya binadamu.