Siku ya Tatu Mpe Jembe: Habari za Kazi na Wagonjwa wa Akili

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huyataja maneno hayo kwa mzaha, kana kwamba ni njia ya kumfukuza mgeni. Sisi twayaona kuwa ni maneno ya heshima, maana apewaye jembe amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Hapa Myanga wamo ndugu zetu waliougua akili, wakatibiwa, wakarudi. Chakula twawapa, na nguo twawapa, jembe hatuwapi. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza kwa ufupi jinsi wagonjwa wa akili walivyotazamwa katika habari ya kazi, tangu zamani hata leo.

Katika Kenya habari hizi zaanza mwaka 1910, serikali ya kikoloni ilipofungua nyumba ya wendawazimu huko Mathari, Nairobi, mahali palipokuwa pametengwa kwa wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikaitwa Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Mathari. Daktari J. C. Carothers aliisimamia tangu 1938 hata 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilichapisha kitabu chake, ambamo alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Dai hilo halikuwa na msingi, na wataalamu wamelikataa. Lakini na tufikiri: ikiwa Mwafrika mzima alidhaniwa hivyo, ni nani angemwamini Mwafrika mgonjwa kwa kazi yenye maana?

Jibu lilitoka katika Afrika yenyewe. Mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kazi huko Aro, karibu na Abeokuta katika Nigeria. Wagonjwa wake hawakufungiwa nyuma ya ukuta. Walikaa katika nyumba za wanakijiji pamoja na jamaa zao, wakaenda hospitali kwa matibabu, kisha wakarudi kijijini na kushiriki kazi za hapo. Jirani zetu wa Tanzania nao baadaye walianzisha vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili. Kimojawapo ni Vikuruti, karibu na Dar es Salaam. Hivyo jembe likawa sehemu ya dawa.

Hata hivyo vijiji hivyo vilikuwa bado chini ya uangalizi wa hospitali. Hatua iliyofuata ilikuwa kumwingiza mtu katika kazi ya kawaida. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, Robert Drake na Deborah Becker waliueneza utaratibu mpya. Zamani mgonjwa alifundishwa muda mrefu katika karakana ya peke yake, akingojea siku ya kuwa tayari, na mara nyingi siku hiyo haikufika. Wao walisema: apewe kwanza kazi ya kweli, yenye ujira wa kweli, kisha asaidiwe akiwa kazini.

Msaidizi wa namna hiyo kazi yake si ngumu kueleza. Humwuliza mgonjwa apenda kazi gani, humwendea mwajiri, wala hatoi siri ya ugonjwa bila ruhusa ya mwenyewe. Ikiwa dawa humlemea mtu kwa usingizi asubuhi, huomba aanze kazi saa nne badala ya saa mbili. Huhakikisha kwamba siku ya kliniki haihesabiwi kuwa utoro. Mtu akiisha kuajiriwa, msaidizi haondoki. Humtembelea yeye na mwajiri pia.

Sheria nayo imesogea. Katiba ya mwaka 2010 yahesabu ulemavu wa akili pamoja na ulemavu mwingine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilikataza kumnyima mtu nafasi ya kazi kwa sababu ya ulemavu wake, na sheria mpya ikashika mahali pake mwaka 2025. Lakini sheria haijui njia ya kwenda katika shamba la miwa la jirani yako. Njia hiyo twaijua sisi.

Twakiri kosa moja lililo la kwetu. Mara nyingi aliyeugua hulimishwa kutwa nzima, kisha akalipwa sahani ya chakula, na mwenziwe wa mstari wa pili akalipwa fedha. Huko si kumpa jembe. Ni kumwazima mikono.

Basi twaomba kila mtaa uchague mtu mmoja mwaminifu, awe msaidizi wa hao wanaorudi: azungumze na wenye mashamba, maduka na karakana, na aangalie kwamba ujira ni sawa kwa kazi iliyo sawa. Hatuombi fedha nyingi. Twaomba muda na uvumilivu. Ndugu zetu wamekwisha kukaa siku mbili za ugeni, na wengine miaka. Siku ya tatu imefika zamani.