Vita vya Mrima na Majina Yake Mawili

Mshairi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa pande za Tanga, aliutungia msiba wa zama zake utenzi, nao ukajulikana kwa jina la Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Katika makaratasi ya Berlin, mambo hayohayo yaliitwa uasi wa Waarabu. Majina hayo mawili hayakai chungu kimoja. Mwenye kuasi ni yule aliyekwisha kutawaliwa. Mwenye kutamalaki ni yule anayeingia katika kisicho chake.

Machi 1888 viti viwili vilibaki wazi: Kaizari Wilhelm wa Kwanza alifariki, na mwezi huohuo akafariki Sultani Barghash wa Unguja. Sayyid Khalifa aliyemrithi Barghash aliukuta mkataba mezani. Tarehe 28 Aprili aliitia saini hati iliyoikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50, pamoja na forodha na uendeshaji wa nchi, kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Kampuni hiyo ilikuwa mali ya wafanyabiashara, ikitembea na hati ya ulinzi waliyopewa na Kaizari mwaka 1885.

Lakini Sultani alikuwa na nini cha kukodisha? Pale Mrima alikuwa na liwali, nyumba ya forodha, na askari wachache wa Kibulushi. Ardhi na hongo za misafara zilikuwa za wenyeji. Bagamoyo, madiwani wa Kishomvi walikuwa na fungu lao, na utii wao kwa Unguja ulikuwa utii wa kupatana: heshima kwa heshima, kilemba kwa kilemba. Kwa hiyo Kampuni ilipoingia kazini tarehe 16 Agosti na kutaka bendera yake ipepee kando ya ile ya Sultani, ugomvi haukuwa wa kitambaa. Wenyeji walitakiwa pia waonyeshe hati za mashamba yao, katika pwani ambako shamba lilijulikana kwa ushahidi wa majirani na kwa minazi iliyopandwa na babu. Pangani, wakala wa Kampuni, Emil von Zelewski, aliingia msikitini na mbwa wake, na siku zenyewe zilikuwa za Idi Kubwa.

Waliosimama hawakuwa Waarabu peke yao, wala hawakuwa wengi wao. Walitoka bara Wazigua na Wabondei, na Bagamoyo walikuwamo Wazaramo na wapagazi wa Kinyamwezi. Septemba mji huo ulishambuliwa, na manowari Leipzig ikateremsha mabaharia, wengi wakauawa. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa Pangani, hakuwa rafiki wa Sultani hata kabla ya mkataba. Bwana Heri bin Juma wa Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, alikwisha kuyashinda majeshi ya Unguja miaka kadhaa nyuma. Sultani alipomtuma jemadari wake, Lloyd Mathews, kwenda kuituliza Pangani, watu walimfukuza naye. Hao ndio walioitwa Waarabu wanaompigania bwana wao!

Jina hilo lilikuwa na kazi. Bismarck alihitaji fedha za bunge, na bunge lilifungua mkoba kwa vita dhidi ya utumwa kuliko kwa deni la wafanyabiashara. Januari 1889 zilitolewa alama milioni mbili. Haki isemwe: utumwa ulikuwapo, na miwa ya Abushiri ilikatwa na watumwa. Lakini bendera haikupandishwa Pangani ili wafunguliwe.

Hermann von Wissmann alifika na askari wa Kisudani waliokusanywa Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 aliivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Raia wengi walikuwa wamekimbilia misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyokuwapo tangu 1868, ambayo Abushiri aliiacha salama. Mwenyewe alikamatwa bara, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba. Bwana Heri alipigana hadi Aprili 1890, ndipo akaomba amani.

Kampuni iliyoyaanzisha yote haikuachiwa nchi. Sultani alilipwa alama milioni nne kwa pwani yake, na tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Kaizari ikashika utawala, safari hii kwa jeshi. Zelewski alikufa Lugalo mwaka huohuo, mikononi mwa Wahehe. Kwa madiwani wa Bagamoyo, hongo zilikwisha. Makao ya serikali yalihamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilianzia hukohuko. Ilipofika Kigoma mwaka 1914, pembe hazikuwa tena na haja ya bega la mpagazi kufika baharini.