Kura 19 na Jenerali Aliyekosa Ikulu

Juzi nilikuwa kwa kinyozi, na jamaa wa kiti cha pili akasema ile kitu tumeskia sana tangu Juni 2024: hii nchi inataka mwanajeshi. Mtu wa amri, si mtu wa ahadi. Wote wakakubali. Mimi nilinyamaza kwa sababu wembe ulikuwa shingoni, na hapo hakuna mtu hubishana. Sasa niko nyumbani, wacha nibishane. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, lakini historia hatujaachana.

Twende Marekani, 1952. Kuna mzee anaitwa Jenerali Douglas MacArthur. Baada ya Japani kushindwa vita 1945, yeye ndiye alikuwa anaiongoza, na tusimdhulumu, huko alifanya kazi. Chini yake wanawake wa Japani walipiga kura mara ya kwanza 1946. Mashamba ya mabwenyenye yalinunuliwa na serikali, yakauziwa wakulima waliokuwa wakiyalima. Ukiwa Mkenya unajua hiyo ya ardhi si mchezo.

Halafu ikaja vita ya Korea. MacArthur alitaka kuipeleka hadi China kwenyewe, akawa anampinga rais wake hadharani. Aprili 1951 Rais Harry Truman akampiga kalamu. Unadhani wananchi walimshukuru rais? Wapi! New York mamilioni walijaa barabarani kumshangilia jenerali, na chini ya mwaka mmoja baadaye Truman alikuwa ameshuka hadi asilimia 22 kwenye kura ya maoni ya Gallup. Watu walikuwa wamechoka na wanasiasa. Unaijua hiyo hali.

Julai 1952 chama cha Republican kikakutana Chicago kuchagua mgombea urais. MacArthur alipewa hotuba kuu, na manze ilidoda, wajumbe wakaanza kupiga stori zao. Kura alizopata ni 10. Ndiyo maana watu husema hakuwahi kukaribia.

Mimi naona alikaribia, ila kupitia mlango wa nyuma. Angalia hesabu. Dwight Eisenhower, jenerali mwingine, alikuwa na kura 595. Seneta Robert Taft, ambaye MacArthur alimuunga mkono, alikuwa na 500. Ushindi ulihitaji 604. Jimbo la Minnesota likahamisha kura zake 19 kwa Eisenhower na mambo yakaishia hapo.

Sasa zirudishe hizo 19. Kura zinarudiwa, wajumbe wanayumba, Taft anapita. Anamchagua MacArthur kuwa mgombea mwenza, na Novemba wanashinda kwa sababu nchi imechoka na chama cha Truman. Hadi hapo ni mimi nabuni. Hii inayofuata sijabuni: Taft alifariki kwa saratani tarehe 31 Julai 1953. Siku nne kabla ya hapo ndipo mapigano ya Korea yalikuwa yamesimamishwa kwa mkataba. Kwa hivyo katika hadithi yangu, MacArthur anaingia Ikulu akiwa na miaka 73, wino wa mkataba haujakauka, na hakuna mtu aliyempigia kura awe rais.

Angefanya nini? Mwaka 1954 aliwaambia waandishi wa habari vile angeimaliza ile vita: mabomu ya atomiki kati ya 30 na 50. Hiroshima ilipigwa na moja.

Najua mtasema huo ni mdomo tu, mtu akiwa rais hutulia. Sawa. Basi tuache mdomo, turudi 1932, wakati uchumi ulikuwa umeanguka. Maelfu ya wanajeshi wastaafu wa Vita Kuu ya Kwanza walipiga kambi Washington na familia zao. Serikali ilikuwa imewaahidi marupurupu, lakini ya kulipwa 1945. Wao walikuwa na njaa sasa hivi. MacArthur, mkuu wa jeshi la nchi kavu, akawatokea tarehe 28 Julai na farasi, vifaru na gesi ya kutoa machozi. Rais Hoover alituma amri jeshi lisivuke daraja la mto Anacostia, kule kambi kubwa ilikuwa. Jeshi likavuka, na kambi ikateketea usiku huo.

Msaidizi wake siku hiyo alikuwa meja mmoja, Dwight Eisenhower, aliyemshauri asiende pale mwenyewe. Ndiyo huyo huyo wa kura 595.

Nilipomaliza kunyolewa nilimuuliza yule jamaa: huyo mwanajeshi wako, siku tukiwa barabarani tena, atasimama kwa daraja au atavuka kama MacArthur? Akaniuliza MacArthur ni nani. Ndiyo nimeandika hii.