Mgeni Aliyewaacha Adui Zake Kwao

Hapa Kashaulili, Mpanda, ukiuliza adui wa misitu utatajiwa shoka, moto na tanuri la mkaa. Mininga yetu ndiyo imetufundisha hivyo. Leo nazungumzia adui asiyefikia punje ya mtama.

Ni kidukari wa misaiprasi, miti tuliyoizoea katika mashamba ya nyanda za juu na kwenye nyua za shule na makanisa. Alionekana Malawi mwaka 1986. Mwaka 1988 alikuwa Tanzania, na mwaka 1990 Kenya. Hufyonza maji ya matawi, na mate yake ni sumu, hivyo tawi hukauka likawa la kahawia kana kwamba limepitiwa na moto. Majike huzaa bila dume. Inakadiriwa kuwa katika miaka michache tu aliua miti yenye thamani ya dola za Marekani milioni 44 katika nchi zetu hizi za mashariki na kusini mwa Afrika.

Nguvu hizo alizipata wapi? Kwa maoni yangu, hakuwa na nguvu yoyote ya ajabu. Alikuja peke yake, wanaomla wakabaki kwao. Kunyunyizia dawa msitu mzima ni kujidanganya: gharama haibebeki na nyuki watakwisha, jambo ambalo sisi watu wa asali hatulitaki hata kulisikia. Ndipo wataalamu wakamfuata Ulaya nyigu mdogo aitwaye Pauesia juniperorum, wakamwachia Malawi mwaka 1994. Jike hutaga yai ndani ya kidukari. Funza akianguliwa humla mwenyeji wake kutoka ndani mpaka libaki ganda kavu. Kisha nyigu mpya hutoboa tundu, akaruka kumtafuta mwingine. Nyigu hao wakastawi na kuenea.

Sasa sikiliza kichekesho. Wakati wote huo kidukari aliitwa Cinara cupressi. Mwaka 1999 wataalamu walionyesha kuwa ni mwingine kabisa, wakampa jina Cinara cupressivora, asili yake kati ya mashariki ya Ugiriki na kusini ya Bahari ya Kaspi. Miaka 13 tulipigana na mgeni tusiyemjua jina wala kwao! Ni bahati kwamba nyigu hakuuliza jina.

Tangu nijue habari hii, nikiona miche imeshushwa stesheni yetu ya Mpanda kutoka mbali, huwa napekua vijitawi kwanza. Wenye miche hunicheka.