Tulibishania Jina

Neno Elnino tulilipata kwa maji. Mwaka 1997 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilionya kabla ya vuli kwamba mvua kubwa inakuja. Wengi tulicheka. Jina lenyewe lilikuwa la Kihispania, la wavuvi wa Peru, waliomkumbuka Mtoto Yesu kwa vile bahari yao ilipata joto karibu na Krismasi. Ikaja Oktoba, mvua ikamwagika hadi Januari 1998. Madaraja yakachukuliwa na maji, barabara ya kwenda Mombasa ikakatika, na huko Garissa homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo. Basi hapakuwa na haja ya kutufundisha neno hilo tena.

Kwa maoni yangu, kosa lilianzia hapo. Mvua ile haikutokana na Pasifiki peke yake. Bahari ya Hindi nayo ilikuwa imepata joto upande wetu, huku upande wa Sumatra ukipoa. Mtindo huo wa bahari yetu wenyewe, wataalamu waliueleza na kuupa jina mwaka 1999, mafuriko yamekwisha kupita. Wakauitaje? Daipoli! Nani atalishika jina hilo sokoni?

Mwaka 2019 daipoli ilikuja kwa nguvu, Pasifiki ikiwa imetulia. Hapakuwa na Elnino kubwa ya kutangaza, lakini mwezi Novemba ardhi iliporomoka West Pokot ikafukia watu majumbani mwao. Mwaka 2023 zikaja zote mbili pamoja. Idara ilitabiri mvua "juu ya kawaida", maneno yasiyomtoa mtu kitandani. Oktoba, Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba Elnino haitakuwepo. Kabla ya Desemba, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini, na sisi magazetini na redioni (nami nimo) tulikuwa tungali tukibishana kama hiyo ni Elnino au siyo.

Siku hizo fundi viatu wa mtaani kwetu, ambaye kibanda chake kiko kando ya mto, aliniuliza swali lilo hilo. Nikaanza kumweleza habari za Sumatra na joto la bahari. Akanikatiza: "Mzee, mimi nauliza kama nihamishe vitu vyangu."