Saa za Jeshini katika Daftari la Rubani wa Marekani

Tangu usafiri wa anga ulipoanza kuwa biashara, uzoefu wa rubani umepimwa kwa saa alizoruka, yaani jumla ya muda aliokaa akiendesha ndege kama ulivyoandikwa, safari baada ya safari, katika daftari lake la kumbukumbu. Nchini Marekani, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, saa hizo zilipatikana jeshini, kwa kuwa kuruka na ndege kubwa ni gharama ambayo mtu binafsi hawezi kuimudu, ilhali mwanajeshi alifundishwa kwa fedha za serikali na bado akalipwa mshahara. Lakini saa ya jeshini na saa ya shirika la ndege hazikuwahi kuwa kitu kimoja, na wale waliopewa kazi ya kulinganisha hizo mbili ndio walioamua, kwa miongo mingi, uzoefu wa nani utambuliwe na wa nani upuuzwe.

Tofauti hiyo ilidhihirika kwa uchungu mwezi Februari 1934, Rais Franklin Roosevelt alipofuta mikataba ya mashirika binafsi ya kusafirisha barua kwa ndege na kuikabidhi kazi hiyo kwa kikosi cha anga cha Jeshi la Nchi Kavu. Marubani wa jeshi walikuwa hodari, ila wengi wao walizoea kuruka mchana na katika hali nzuri ya hewa, wala hawakuwa na mazoezi ya kutosha ya kuruka kwa kutegemea vyombo, yaani kuiongoza ndege kwa kusoma vipimo vilivyomo ndani ya chumba cha rubani pale ambapo giza au mawingu yameficha upeo wa macho. Walitumwa usiku, katika theluji ya majira ya baridi kali, na katika muda wa miezi michache zaidi ya 10 kati yao walikuwa wamekufa. Jeshi lilijifunza haraka, likanunua mashine za Edwin Link za kufanyia mazoezi hayo ardhini, lakini msiba huo ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba wingi wa saa hauelezi chochote mpaka ijulikane zilirukwa wapi, wakati gani na kwa ndege ya namna gani.

Vita vya Pili vya Dunia vilizidisha idadi ya marubani kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Jeshi la anga la Marekani lilifundisha marubani zaidi ya 190,000, na amani iliporejea mashirika yakawa na uwezo wa kuchagua yalivyotaka miongoni mwa vijana waliokwisha kuendesha ndege za injini nne kuvuka bahari. Wanawake 1,074 waliohitimu mafunzo ya kikosi cha WASP, kilichoundwa ili kupeleka ndege za kivita kutoka viwandani hadi kambini na kufanya kazi nyingine za urukaji ndani ya nchi, hawakunufaika na mlango huo. Waliendesha takriban kila aina ya ndege iliyokuwa mikononi mwa jeshi, wanawake 38 wa kikosi hicho wakapoteza maisha kazini, lakini kikosi kilipovunjwa Desemba 1944 walihesabiwa kuwa raia walioajiriwa tu, na Bunge halikuwapa hadhi ya askari wastaafu hadi mwaka 1977. Mashirika makubwa hayakuwataka katika chumba cha rubani, na karibu miaka 30 ilipita kabla ya mwanamke, Emily Howell, kuajiriwa kuwa rubani na Frontier Airlines mwaka 1973. Kwa hao 1,074, saa zilikuwapo, zimeandikwa na kutiwa saini, na hazikuwafaa kitu mbele ya mwajiri.

Kisa cha Marlon Green kinastahili kuelezwa kwa urefu zaidi, kwa sababu ndicho kilicholipeleka swali hili mahakamani. Green, Mmarekani mweusi aliyezaliwa El Dorado katika jimbo la Arkansas, aliliacha Jeshi la Anga mwaka 1957 akiwa na cheo cha kapteni na zaidi ya saa 3,000 za kuruka na ndege zenye injini zaidi ya moja. Katika fomu ya maombi ya Continental Air Lines aliiacha tupu sehemu ya kuandika rangi yake, wala hakuambatanisha picha, na kampuni, ikiwa haina cha kusoma isipokuwa saa zake, ilimwita Denver kwa majaribio pamoja na waombaji wengine wachache. Alifaulu, lakini Wazungu waliokuwa na uzoefu pungufu kuliko wake ndio waliochukuliwa. Tume ya jimbo la Colorado ya kupambana na ubaguzi iliona kwamba hakuna sababu nyingine ya kumwacha isipokuwa rangi yake. Kampuni haikujitetea kwa kusema kwamba hakustahili. Ilidai kwamba sheria ya jimbo haiwezi kulibana shirika linalofanya biashara kati ya jimbo na jimbo, na mahakama za Colorado zikakubaliana nayo. Tarehe 22 Aprili 1963, Mahakama ya Juu ya Marekani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Hugo Black na kuungwa mkono na majaji wote, iliikataa hoja hiyo. Mwaka uliofuata American Airlines ilimwajiri David Harris, naye Mmarekani mweusi, aliyekuwa rubani wa ndege za jeshi za kudondosha mabomu, na Green mwenyewe akaanza kazi Continental mwaka 1965. Hapa daftari la saa lilifanya kazi ambayo barua ya sifa isingeiweza, kwani mwenye kubagua anaweza kubishana juu ya tabia au haiba ya mtu, lakini hawezi kubishana na saa 3,000 zilizohakikiwa na jeshi.

Ugumu wa kulinganisha, hata hivyo, haukuishia kwenye ubaguzi. Kwa sheria za kiraia, muda wa kuruka huanza ndege inapoanza kutembea kwa nguvu yake yenyewe ikielekea kuruka, na huisha inaposimama baada ya kutua, hali jeshi huhesabu zaidi ule muda ambao ndege imo hewani. Kwa rubani wa ndege ya mizigo inayoruka saa nane mfululizo tofauti hiyo ni ndogo, ila kwa rubani wa ndege ya kivita, ambaye safari yake huchukua saa moja na dakika chache, ni hasara kubwa. Ndiyo maana mashirika kadhaa yalikubali kumwongezea mwombaji wa namna hiyo 0.2 au 0.3 ya saa kwa kila safari. Rubani aliyeruka safari 1,000 za wastani wa saa 1.3 ana saa 1,300 katika kumbukumbu za jeshi, akiongezewa 0.3 kwa kila safari anafikisha 1,600. Kwa kuwa mashirika hayakutumia kiwango kimoja, mtu yuleyule alijikuta na jumla tofauti kwa kila fomu aliyojaza, na aliyesahau kueleza alivyokokotoa aliweza kutiliwa shaka ya udanganyifu bila kosa lolote.

Jambo jingine linalotatiza ulinganisho huo ni saa za urubani mkuu. Kanuni za kiraia zinamruhusu rubani mwenye leseni ya aina hiyo ya ndege kujiandikia saa za urubani mkuu kwa muda ambao yeye peke yake ameshika usukani, lakini mashirika mengi hutaka saa za yule tu aliyekabidhiwa ndege na kuwajibika nayo.

Baadaye sheria nayo iliingilia hesabu hizi za saa. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50, na sheria iliyotungwa mwaka uliofuata, ikaanza kutekelezwa mwaka 2013, ilimtaka hata rubani msaidizi awe na leseni ya juu kabisa, ambayo kwa kawaida huhitaji saa 1,500. Kiwango hicho cha saa ni cha kimataifa, na Kenya na Tanzania pia zinakitumia kwa leseni hiyo, isipokuwa huko rubani msaidizi anaweza kuanza na leseni ya chini yake. Ni vyema ikumbukwe kwamba marubani wote wawili wa ndege iliyoanguka walikuwa wamezidi saa 1,500, hivyo namba iliyochaguliwa haikulijibu kosa lenyewe. Sheria iliweka nafuu: mhitimu wa shahada ya urubani katika chuo kilichoidhinishwa hupunguziwa hadi saa 1,000, na rubani wa jeshi hadi 750, akianza kama msaidizi. Kwa mara ya kwanza serikali ilitamka katika kanuni kwamba saa ya jeshini, kwa sababu ya mchujo na nidhamu ya mafunzo yake, ina uzito wa takriban saa mbili za uraiani.

Nafuu hiyo haikumaliza tatizo la marubani wa Jeshi la Nchi Kavu, ambao wengi wao huendesha helikopta. Saa za helikopta huingia katika jumla, lakini leseni hiyo ya juu kwa ndege za mabawa inadai pia saa 250 za kuongoza ndege za aina hiyo, na aliyerudi kutoka vitani na maelfu ya saa za helikopta alilazimika kukodi ndege ndogo ya injini moja kwa fedha zake ili kutimiza zilizopungua. Hali ilibadilika katikati ya miaka ya 2010, uhaba wa marubani ulipoyabana mashirika ya safari fupi za ndani, nayo yakaanza kulipia saa hizo.