Kikanyagio cha mbao cha mlangoni

Kikanyagio cha mbao ni kifaa cha kukwangulia na kufutia miguu kabla ya kuingia ndani. Hutengenezwa kwa fito za mbao zilizolazwa sambamba na kuachiwa nafasi katikati, kisha huwekwa nje ya mlango wa mbele, kibarazani au chini ya ngazi. Wengine hukiita zulia la mlangoni au kifutio cha miguu. Mgeni husimama juu yake akipiga hodi, kwa hiyo nyumba humgusa unyayo kabla hajashika komeo wala kupewa mkono. Ndiyo maana wenye nyumba hupenda kiwe na urembo, na ndiyo maana pia fundi hupaswa kujua urembo upi unafaa kukanyagwa na upi haufai.

Ndugu yake wa karibu ni mkeka wa usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Pwani ya Unguja wanawake hufukia makumbi kwenye mchanga wa ufuoni kwa miezi mingi mpaka yalainike, kisha huyafukua, huyaponda na kusokota nyuzi zake kuwa kamba. Usumba hupiga brashi, mbao hukwangua. Matope mazito hushinda usumba: hujaza nyuzi, hukauka humo, na mkeka hugeuka kuwa chanzo cha vumbi. Nyumba iliyopangwa vizuri huwa na vyote viwili, cha mbao nje ya kizingiti na cha usumba ndani yake.

Mbao, miguu na maji vimezoeana Uswahilini tangu zamani. Mitalawanda, viatu vya mbao vilivyovaliwa msalani na uani ili unyayo usiguse sakafu yenye maji, ilichongwa kwa mti unaoitwa mtalawanda. Wajapani nao huweka majukwaa madogo ya fito, wanayoyaita sunoko, mahali pa kuvulia viatu na bafuni. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari waliokuwa kwenye mahandaki ya Flanders walitembea juu ya njia za fito za mbao zilizotandikwa juu ya tope. Kote huko wazo ni moja: mguu ukae juu, maji na uchafu vishuke chini.

Nafasi

Kazi ya kikanyagio hufanywa na nafasi iliyo kati ya fito. Ubao mpana usio na nafasi, hata uchongwe maua ya namna gani, hautofautiani na sakafu: mchanga hubaki juu yake na mtu anayefuata huuingiza ndani. Kasoro hii imejaa kwenye vikanyagio vinavyouzwa kama mapambo. Nafasi ya sentimita 1 hutosha nyumba nyingi. Ikipungua, punje za mchanga na kokoto hukwama. Ikizidi, kisigino chembamba cha kiatu, ncha ya bakora ya mzee au kidole cha mtoto huingia.

Udongo wa mahali nao una neno. Mchanga wa pwani huanguka wenyewe mtu akipiga miguu mara mbili, lakini punje zinazobaki husugua mbao kama msasa, na katikati ya kikanyagio, pale wote wanapokanyaga, ubao huanza kubonyea. Udongo mwekundu wa Usambara, wa miteremko ya Kilimanjaro au wa Kenya ya kati hushika soli na hauanguki mpaka ukwanguliwe. Huko kingo za juu za fito ziachwe kali kiasi, zipitishwe msasa mara moja tu ili kuondoa vibanzi. Fito zilizoviringwa kingo ni laini kwa mkono wa mnunuzi dukani, lakini tope la mfinyanzi huteleza juu yake bila kubanduka.

Fito hulazwa kukingama njia ya anayeingia. Zikielekezwa upande anaoendea, kiatu huteleza kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, na hatari huwa kubwa zaidi wakati wa masika, utando wa kijani unapoota.

Mbao

Mvule ndio chaguo la kwanza la maseremala wengi wa Afrika Mashariki kwa kitu kitakachokaa mvuani. Hauozi upesi, mchwa hawaupendi, na rangi yake ya manjano hugeuka kahawia kadiri jua linavyoupata. Seremala anayeupasua huweza kukutana na kitu kigumu ndani yake kinachokwaruza meno ya msumeno: ni mkusanyiko wa chokaa ulioganda kwenye mti. Vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo kitambaa au barakoa ni sharti. Msaji, ambao wengi sasa huuita mtiki, una mafuta yake ya asili yanayozuia maji. Zamani uliletwa kwa majahazi kutoka India. Leo unapandwa Longuza wilayani Muheza na katika bonde la Kilombero. Mninga unafaa pia na unapatikana kwa maseremala wengi wa samani.

Msonobari ni rahisi kununua na rahisi kukata, lakini bila dawa huoza mapema. Ule uliotiwa dawa ya shaba, kromiamu na arseniki hutambulikana kwa rangi ya kijani hafifu. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuutoa kwa matumizi ya majumbani mwishoni mwa 2003. Kwa kikanyagio, ambacho watoto hukaa juu yake na kucheza, ni bora kuuepuka, na mabaki yake yasichomwe jikoni.

Fundi mwenye busara hatafuti ubao mzima. Kwenye karakana za samani kama za Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, vipande vinavyobaki baada ya kutengeneza kitanda au mlango mara nyingi hutosha urefu unaohitajika, na mbao ya vipande hivyo ni ileile iliyoingia kwenye mlango.

Utengenezaji

Kipimo cha kawaida kwa mlango wa jani moja ni upana wa sentimita 75. Mbao za inchi 1 kwa inchi 2 zikipigwa randa hubaki na unene wa sentimita 2 na upana wa sentimita 4.5 hivi. Fito 9 za namna hiyo, zikiachiana nafasi 8 za sentimita 1, hutoa kikanyagio chenye kina cha sentimita 48.5. Kabla ya kukata, pima nafasi kati ya sakafu na jani la mlango: mlango unaofungukia nje usigote kwenye kikanyagio.

Njia imara kuliko zote ni ya kutunga fito kwenye waya kama shanga. Kila ufito hutobolewa kwa keekee ya milimita 6 kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, matundu matatu: sentimita 8 kutoka kila ncha, na moja katikati. Hapa ndipo kazi huharibikia. Matundu 27 yasipolingana, kikanyagio hupinda kama mbavu za samaki. Dawa yake ni kalibu. Chukua kipande cha mbao ngumu, kichonge mfereji unaoupokea ufito bila kulegea, toboa tundu lake kwa uangalifu ukipima kwa guni, kisha pitisha kila ufito humo, ukianza daima na ncha ileile. Muda wa robo saa wa kutengeneza kalibu huokoa asubuhi nzima.

Waya usioshika kutu, wa milimita 3, hupitishwa katika matundu, na kati ya ufito na ufito huvikwa kipande cha mpira wa maji kilichokatwa kwa urefu wa sentimita 1. Vipande vinavyohitajika ni 24. Tundu limeachwa kubwa kuliko waya kwa makusudi. Mbao ikinywa maji hutanuka kwa upana na unene, ilhali urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ikibanwa isipumue, hupasuka. Kamba ya katani inapendeza macho, na Tanga imejulikana kwayo tangu mmea wenyewe ulipoletwa mwaka 1893, lakini kwenye kitu kinacholala majini huoza kabla ya mbao. Wanaotaka kikanyagio kisichokunjika hugongomea fito juu ya vipande vitatu vya kukingama. Hao watumie skrubu zisizoshika kutu, maana misumari ya kawaida hutoa madoa meusi.

Ncha za fito ndizo mdomo wa mbao. Chovya ncha ya ufito mkavu katika maji yenye rangi, na baada ya muda mfupi utaona rangi imepanda ndani, huku ubavu ukiwa umelowa juujuu tu. Kwa hiyo ncha zote 18 zipakwe mafuta mara mbili au tatu kabla ya kutunga, hadi zikatae kunywa.

Mafuta yanayofaa ni ya kitani, kwa sababu hukauka na kugandamana ndani ya mbao. Ya nazi hayakauki: huacha utelezi na kunasa vumbi. Sifa, mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, hulinda mbao vizuri sana, lakini hakuna anayetaka harufu hiyo mlangoni pake. Vanishi hung'aa wiki chache, kisha hubanduka vipande vipande pale miguu inapopita. Tambara lililotumika kupakia mafuta ya kitani lisikunjwe na kutupwa pembeni. Hujipasha moto lenyewe na huweza kuwaka. Litandazwe nje likauke, au lilowekwe majini.

Urembo

Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na ya Lamu huwafanya wengi watamani kuchonga waridi na minyororo hadi kwenye kikanyagio. Nakshi ya kina haifai hapa, kwa kuwa kila shimo hushika tope na kila ua hulika kwa soli. Nakshi ikitakiwa, ikae kwenye fito mbili za mwisho ambazo hazikanyagwi sana, tena iwe ya mistari ya juujuu. Urembo unaodumu hutokana na rangi za mbao zenyewe: ufito wa mninga mwekundu kati ya fito za mvule, au vipande vya mpingo mweusi badala ya mpira wa maji, kama mkeka wa ukindu unavyopendezeshwa kwa milia. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na masalio madogo ya wachongaji yanatosha.

Neno "Karibu" huchomwa kwa chuma cha moto, na hilo halina kosa. Lakini aya za Kurani, ambazo kwenye milango ya nakshi hukaa juu, kichwani mwa anayeingia, haziandikwi kwenye kitu cha kukanyagwa, wala jina la Mungu, wala jina la mtu. Fundi akiombwa kufanya hivyo, akatae na aeleze sababu.

Matunzo

Kikanyagio huinuliwa kila juma ili mchanga uliojikusanya chini ufagiliwe. Kisilale juu ya udongo mtupu, kwani mchwa hupanda bila kuonekana. Baada ya masika na vuli husuguliwa kwa brashi na maji, hukaushwa kivulini na kupakwa mafuta upya. Kilichotungwa kwa waya kina faida moja ambayo cha kugongomea hakina: ufito mmoja ukioza, waya hufunguliwa, ufito huo hubadilishwa peke yake, na nane zilizobaki huendelea na kazi.